Kutu na Mimenyuko ya Kemikali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya taratibu. Mengi yametoka kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, mengine kwa wazazi wao, na machache, tena ndiyo magumu kuliko yote, kwa mafundi wa kuchomelea. Watoto wetu wa sekondari husoma kemia kwa Kiingereza, wakafaulu mtihani, kisha bibi akiwauliza kwa nini bati la jikoni limetoboka wanakosa maneno. Hapa nimejibu kwa lugha ya nyumbani. Milinganyo ipo, lakini ukiiruka hutapotea.

Kutu ni nini hasa?

Ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji. Ukikwangua unga wa rangi ya udongo kwenye panga la zamani, ulichoshika ni oksidi ya chuma yenye maji ndani yake. Wanakemia huiandika Fe₂O₃·nH₂O, na hiyo n imewekwa kwa sababu kiasi cha maji hakilingani kila mahali. Kwa hiyo kutu si uchafu uliotoka nje ukaja kukaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kimegeuka. Ndiyo maana ukiisugua ikatoka yote, chini yake unakuta shimo.

Watu hulitumia neno hili kwa upana: shaba ikiwa kijani wanasema ina kutu, kikuku cha fedha kikiwa cheusi vivyo hivyo. Darasani, kutu ni ya chuma na feleji (chuma cha pua) tu.

Chuma kikishika kutu kinakuwa kizito au chepesi?

Kizito, ukipima pamoja na magamba yote yaliyodondoka. Gramu 112 za chuma hubeba gramu 48 za oksijeni na kuwa gramu 160 za oksidi kavu, na hapo hujahesabu maji. Panga la shambani huwa jepesi kwa sababu magamba yake yamebaki shambani.

Uzito huu uliwahi kuwaumiza vichwa wasomi wa Ulaya. Katika karne ya 18 waliamini kwamba kitu kikiungua hutokwa na kitu fulani walichokiita flojistoni. Sasa mbona metali iliyochomwa inaongezeka uzito badala ya kupungua? Antoine Lavoisier wa Ufaransa alifungia metali na hewa ndani ya chombo, akapima kabla na baada ya kuchoma, akaonyesha kuwa uzito ulioongezeka umetoka hewani. Mwaka 1794 alikatwa kichwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, kwa sababu alikuwa mmoja wa wakusanya kodi wa mfalme. Kemia haikumponza.

Kinachohitajika ni maji au hewa?

Vyote viwili, na unaweza kujithibitishia kwa chupa tatu za jemu na misumari mitatu. Chukua misumari ya kawaida ya mbao, si ile ya kuezekea, uisugue kwa msasa mpaka ing'ae. Chupa ya kwanza tia maji ya bomba nusu, msumari uchungulie juu kidogo. Ya pili ijaze maji yaliyochemshwa kwa dakika kumi ili hewa iliyomo itoke, kisha mimina mafuta ya kula juu yake yawe kifuniko. Ya tatu iache kavu, utie vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, ufunge vizuri.

Baada ya wiki msumari wa kwanza utakuwa umeota kutu, miwili iliyobaki itakuwa salama. Wengi huharibu chupa ya pili: huchemsha maji vizuri, halafu huyamimina kutoka juu kama wanapoza chai, wakairudisha hewa ndani. Yateremshe polepole ukutani mwa chupa. Ukitaka, ongeza chupa ya nne yenye maji ya chumvi uone inavyoipita ile ya kwanza.

Ndani ya tone la maji kunatokea nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Chukua kipande bapa cha chuma, kisugue kwa msasa, kilaze mezani, uweke juu yake tone moja la maji ya chumvi. Kaa nalo. Baada ya saa moja au mbili, tazama kwa karibu: kutu haikuanza katikati ya tone, wala haiko pembeni kabisa. Imekaa kama pete, baina ya hapo na hapo.

Sababu ni hii. Ukingoni tone ni jembamba, oksijeni inaingia kwa urahisi. Katikati maji ni mengi, oksijeni haifiki haraka. Huko katikati kila atomu ya chuma inaachia elektroni mbili, yaani chembe ndogo mno zenye chaji hasi, na kuingia majini ikiwa ioni, yaani atomu yenye chaji:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Elektroni hazipiti kwenye maji. Zinapita ndani ya chuma chenyewe hadi ukingoni, ambako oksijeni inazipokea na, pamoja na maji, kuwa ioni za haidroksidi:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Ioni za chuma zinatembea kuelekea nje, za haidroksidi zinaelekea ndani, zikikutana njiani zinakuwa haidroksidi ya chuma yenye rangi ya kijani iliyofifia. Oksijeni ikiipata hiyo, inageuka kahawia. Hiyo ndiyo pete.

Tone moja la maji, basi, ni betri ndogo, na mahali kutu inapoonekana sipo mahali chuma kinapoliwa. Fundi mzoefu anajua jambo hili hata kama hajasoma milinganyo. Akitaka kujua kama geti limekwisha, hatazami palipo pekundu mbele ya macho. Anagonga kwa nyundo chini ya bawaba, nyuma ya kufuli, na pale matope yalipogandia, kwa sababu huko oksijeni haifiki na huko ndiko chuma kinakotoa elektroni.

Kuna anayetoa elektroni na kuna anayepokea. Jikumbushe hilo ukisoma majibu yanayofuata, maana karibu yote yanarudi kwenye swali la nani atoe.

Kwa nini pwani vitu vinaoza haraka hivi?

Chumvi. Si kwamba chumvi inakula chuma. Inafanya mambo matatu. Inayafanya maji yapitishe ioni kwa urahisi, kwa hiyo ile betri inafanya kazi kwa nguvu zaidi. Ioni zake za kloridi zinatoboa utando mwembamba unaoilinda metali. Tena chumvi inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma kilichopigwa na upepo wa bahari kinabaki na majimaji hata mwezi usio na mvua. Chukua gari lililokaa Dodoma miaka kumi na lililokaa Kigamboni miaka kumi, uiname utazame chini ya milango. Huhitaji kuambiwa lipi limetoka wapi.

Mabati ni chuma. Mbona hayashiki kutu yakiwa mapya?

Kwa sababu yamechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Hapa lugha yetu inachekesha kidogo: bati kwa asili ni jina la metali nyingine, ile inayopakwa ndani ya makopo ya chakula, na sisi tumelipa paa ambalo kinga yake ni zinki.

Zinki inalinda kwa njia mbili. Kwanza inafunika, kama rangi. Pili, na hii ndiyo yenye thamani, inakubali kuliwa badala ya chuma. Metali hupangwa kwenye ngazi kulingana na wepesi wa kutoa elektroni: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, aluminiamu, zinki, chuma, bati, risasi, na huko chini shaba, fedha na dhahabu. Zinki iko juu ya chuma. Bati la paa likikwaruzwa hadi chuma kikaonekana, zinki iliyo jirani inatoa elektroni zake, chuma kinabaki salama mpaka zinki ya pale iishe.

Kopo la nyanya ni kinyume chake. Lile limepakwa bati, ambalo liko chini ya chuma kwenye ngazi. Kopo likiwa zima ni imara kabisa. Likikwaruzwa, chuma ndicho kinachotoa, tena kwa kasi kuliko kama kingekuwa peke yake. Tupa kopo moja na kipande cha bati la paa nyuma ya nyumba masika yakianza, vyote viwili umevikwaruza kwa msumari, kisha rudi mvua zikiisha.

Nanunua mabati ya nyumba ya pwani. Niangalie nini?

Geji kwanza, na usidanganywe na namba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Lakini unene wa bati si unene wa zinki, na kinachokupa miaka ni zinki. Uliza uzito wa zinki kwa mita ya mraba. Muuzaji asipoweza kujibu, nenda duka la pili. Kuna mabati yenye mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55 na zinki karibu yote iliyobaki, pamoja na silikoni kidogo, na hayo hustahimili hewa ya chumvi vizuri zaidi.

Mengine ni ya fundi. Asikate bati kwa grenda, maana moto wake unachoma zinki ukingoni na cheche zake ni vipande vya chuma vinavyonasa juu ya paa na kuanza kutu hapohapo. Akate kwa mkasi wa bati. Misumari iwe iliyopakwa zinki, yenye kofia na mpira wake. Na mabati yakifika kabla ya ujenzi, usiyarundike yakalowana. Maji yaliyobanwa katikati ya bati na bati huleta unga mweupe, ambao ni zinki yako inaliwa kabla hujaezeka.

Nimeona kipande cha metali kimefungwa chini ya boti. Ni cha nini?

Ni zinki, na kazi yake ni kufa. Imeunganishwa na chombo ili yenyewe ndiyo itoe elektroni baharini, usukani na mhimili wa rafadha vibaki. Ikiliwa ikawa kama jibini lililotafunwa na panya, hiyo ni dalili kuwa inafanya kazi. Inatolewa, inafungwa nyingine. Ukikuta imekaa mwaka mzima ikiwa kama mpya, hapo ndipo uwe na wasiwasi: huenda waya wake umekatika, au mtu kaipaka rangi.

Historia yake ina kituko. Manahodha wetu walipaka majahazi deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili wadudu wasitoboe mbao. Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilifunika mbao za meli zake kwa shaba kwa sababu hiyohiyo, lakini maji ya chumvi yakawa yanaila shaba. Miaka ya 1820 mwanakemia Humphry Davy aliombwa msaada. Akafunga vipande vidogo vya chuma na zinki juu ya shaba, na kweli shaba ikaacha kuliwa. Kisha meli zikaanza kwenda kwa kukokota. Kumbe ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu kwa mwani na viumbe wenye magamba. Shaba ilipopona, nao wakapata makazi. Kemia ya Davy ilikuwa sahihi kabisa, na bado mpango wake ukaachwa.

Na chuma kikigusana na shaba?

Chuma kinaumia. Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa 1886, ina ngozi ya shaba juu ya mifupa ya chuma. Waliojenga walilijua tatizo wakaweka kizuizi katikati, lakini miaka ikakichakaza, maji ya chumvi yakapenya, vyuma vikavimba kwa kutu. Kabla ya maadhimisho ya miaka 100 mwaka 1986, vyuma vile vya kushikilia ngozi vilibadilishwa, vikawekwa vya stenlesi, feleji isiyoshika kutu kwa urahisi. Nyumbani kwako jambo hili linakuja kwenye mabomba: bomba la shaba kuungwa moja kwa moja na la chuma ni kuomba uvujaji.

Rangi inatosha?

Inatosha ikipakwa juu ya chuma safi, na ikirudiwa. Mnara wa Eiffel wa Paris, ulioanza kazi 1889, hupakwa upya takriban kila miaka 7, na kila mara hutumia tani 60 hivi za rangi. Umesimama kwa sababu kuna watu hawachoki kupanda na brashi.

Geti la kwangu lilipakwa juu ya kutu. Fundi alikuwa na haraka, mimi nikawa na haraka kuliko yeye. Kwa miezi sita liling'aa, kisha rangi ikaanza kuvimba vijipele, na nilipovitoboa kwa kisu yakatoka maji ya kahawia. Chumvi na unyevu vilikuwa vimefungiwa ndani, vikaendelea na kazi yao kivulini. Tangu hapo: brashi ya waya, msasa, kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kukausha kabisa, redioksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), ndipo rangi yenyewe. Na huo wekundu wa redioksaidi, kama hukujua, ni oksidi ya chuma iliyosagwa. Tunapaka kutu ili kuzuia kutu. Tofauti ni kwamba ile ya kwenye debe imeshamaliza kumenyuka na imeshikwa na gundi ya rangi, haina tena cha kutoa.

Aluminiamu iko juu ya chuma kwenye ngazi. Mbona sufuria yangu haiozi?

Swali zuri, na ndilo linalotenganisha mwanafunzi aliyekariri na aliyeelewa. Aluminiamu humenyuka na oksijeni upesi mno, lakini oksidi yake hushikamana na metali iliyo chini, nyembamba, imebana, hewa haipiti. Inajifungia mlango. Kutu ya chuma haishikamani: ina nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, inavimba, inapasuka, inadondoka, chuma kipya kinabaki wazi.

Stenlesi inatumia ujanja huohuo kwa kukopa. Ni feleji iliyochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi, na kromiamu ndiyo inayojenga utando. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliipata 1913 akitafuta feleji ya mitutu ya bunduki. Ukisugua sinki la stenlesi kwa stilwaya ya kawaida utaliona na madoa ya kutu kesho yake, lakini kutu hiyo ni ya nyuzi za stilwaya zilizonasa, sinki halina kosa.

Kwa nini nguzo za zege zinapasuka na kudondosha vipande?

Nondo ndani zimeshika kutu. Zege jipya lina alikali kali, pH yake (kipimo cha asidi na alikali) ni 12 na zaidi, na ndani ya alikali hiyo nondo hujivika utando unaozilinda. Mambo mawili huuondoa. Hewa ukaa huingia polepole miaka na miaka na kuipunguza alikali. Au kloridi inaingia, na mara nyingi ililetwa na mwenye nyumba mwenyewe kwa lori: mchanga wa ufukweni. Kutu ikianza, inataka nafasi mara mbili hadi mara sita ya chuma ilichokula, na zege haliwezi kuvutika, kwa hiyo linapasuka kufuata mstari wa nondo. Kuziba ufa kwa saruji juu juu ni kuficha ugonjwa. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe Zanzibar, za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zina maradhi yake, lakini hili si mojawapo.

Kutu iko kwenye aina gani ya mimenyuko?

Hapa ndipo wanafunzi wanapopoteza alama, wakidhani lazima wachague moja. Kuna njia mbili za kupanga mimenyuko. Moja inatazama vitu vimejipangaje upya. Nyingine inauliza kama elektroni zimehama. Kutu inajibu zote: ni muungano, kwa kuwa vitu vinaungana kuwa kimoja, na ni oksidisho pamoja na upunguzaji, kwa kuwa chuma kimetoa elektroni na oksijeni imepokea.

Ili uione tofauti, nenda kwenye tanuri la chokaa. Mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya magogo na kuchomwa. Joto likifika karibu nyuzi 900, jiwe linaachana na hewa yake: CaCO₃ → CaO + CO₂. Huo ni mtengano. Kilichobaki kikimwagiwa maji kinachemka na kufuka mvuke bila moto wowote: CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Huo ni muungano. Ukiipaka ukutani, chokaa inanyonya hewa ukaa kwa miezi, inakuwa jiwe tena: Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O. Jiwe limekuwa unga likarudi kuwa jiwe, na katika safari yote hiyo hakuna elektroni iliyobadili mwenyewe. (Kuchoma matumbawe kunamaliza miamba ya samaki, kwa hiyo mfano huu usome tu, usiufanye.)

Sasa chukua mrututu, ule wa kijani-bluu wanaopulizia mizabibu na mibuni. Uyeyushe kidogo kwenye maji, utumbukize msumari safi. Ndani ya dakika chache msumari unavaa rangi nyekundu ya shaba: Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu. Chuma kiko juu ya shaba kwenye ngazi, kinatoa, shaba inapokea na kuganda juu yake. Huo ni uhamishaji, na elektroni zimehama. Nawa mikono, mrututu ni sumu.

Uhamishaji maradufu unauona bafuni. Sabuni na maji ya kisima chenye chumvichumvi hukataa kutoa povu, badala yake yanaganda mabonge meupe: sodiamu ya sabuni na kalsiamu ya maji vimebadilishana wenzi. Elektroni hazikuhama. Asidi na alikali kutuliana, kama siki na maji ya chokaa, ni ndugu wa huo. Mwako unaujua: mkaa na oksijeni, joto na mwanga, na elektroni zinahama kwa wingi.

Barafu kuyeyuka nayo ni mmenyuko?

Hapana. Maji ni yaleyale. Kutu huwezi kuigandisha ikawa chuma.

Basi kutu ni kuungua polepole?

Kwa kiasi fulani ndiyo. Inatoa joto, ila kwa utaratibu mno hata mkono hausikii. Washa stilwaya laini kwa kiberiti uone chuma kinavyoungua kweli, kwa cheche. Vile vipakiti vya kupasha mikono ambavyo ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani hutia mfukoni wakati wa theluji ni unga wa chuma, chumvi, mkaa na maji kidogo: ni kutu iliyoharakishwa.

Upande wa hatari ni huu. Kutu hula oksijeni. Tanki la chuma lililofungwa muda mrefu, la meli au la maji, linaweza kuwa na hewa isiyotosha kumweka mtu hai, na haina harufu ya kukuonya. Watu hufa kwa kuingia, na wengine hufa kwa kumfuata aliyeingia. Fungua, pitisha hewa, na asiingie mtu bila mwangalizi nje.

Kutu inaweza kurudi kuwa chuma?

Ndiyo, na ndivyo chuma kinavyopatikana tangu zamani, kwa kuwa madini yake mengi ni oksidi. Ndani ya tanuru mkaa hutoa kaboni monoksidi, nayo inaipokonya oksidi oksijeni yake: Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂. Wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, walikuwa wakiyeyusha chuma kwa njia hii kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, na wazee wa huko waliijenga upya tanuru ya kienyeji miaka ya 1970 mbele ya watafiti. Kuna njia ya kasi zaidi: changanya oksidi ya chuma na unga wa aluminiamu, uwashe. Aluminiamu inanyang'anya oksijeni kwa moto mkali hata chuma kinachuruzika kikiwa kimeyeyuka. Mafundi wa reli huunga reli kwa namna hiyo. Si mchezo wa nyumbani.

Naitoaje kutu bila kununua dawa?

Ndimu au siki. Loweka kifaa usiku kucha, sugua kwa brashi, suuza kwa maji yenye magadi ili kumaliza asidi, kausha juani, paka mafuta mara moja. Usipopaka, jioni utaikuta imeanza upya, maana chuma kilichosafishwa ndicho chenye njaa zaidi. Doa la kutu kwenye kanzu: ndimu na chumvi, anika juani, fua. Usitie jiki, doa litakazana, na jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Msumari wenye kutu unaleta pepopunda?

Kutu haileti. Pepopunda huletwa na bakteria ambao mbegu zao hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Msumari wa zamani huwa umelala humohumo, na tundu lake jembamba lenye kina ni mahali wanapopapenda, pasipo na oksijeni. Hata mwiba unaoonekana safi unaweza kukuletea vilevile. Osha, nenda zahanati, uliza kuhusu chanjo.

Maji ya kisima yanatoka meupe, yakilala kwenye ndoo yanakuwa mekundu. Yana nini?

Chuma. Chini ya ardhi hakuna oksijeni ya kutosha, kwa hiyo chuma kimeyeyuka kikiwa Fe²⁺, hakina rangi ya kuonekana. Kikifika juu kinakutana na hewa, kinatoa elektroni moja zaidi, kinakuwa Fe³⁺ na kuzama kama tope. Umetazama oksidisho ndani ya ndoo. Ladha ni mbaya na nguo nyeupe zitaharibika, lakini chuma chenyewe kwa kiasi hicho si cha kuogopesha. Yaache yalale, uchuje kwa mchanga safi au kitambaa kizito. Maji ya bomba yakigeuka ghafla ni habari nyingine: huenda bomba limetoboka, na patokapo maji huingia uchafu.

Kutu inaambukiza?

Si kama upele. Jembe zima likilala na lenye kutu mahali pakavu halipati kitu. Ila kutu ina vitundu, inashika maji kama sifongo, kwa hiyo jembe zima likiegemezwa kwenye lile lenye kutu na stoo ikavuja, litalowa muda mrefu zaidi kuliko lilivyostahili. Yatenganishe, uangalie na paa la stoo.